Mgeni wa Chumba cha Mama

Kishikwambi cha hospitali kilikuwa na adabu: hulia kengele, kisha husubiri. Kamera yake haikufunguka mpaka mwenye nyumba aseme "karibu", kwa kuwa hospitali iliyomlaza mgonjwa kitandani kwake mwenyewe nyumbani haikutaka kumchungulia mtu bila ruhusa. Alasiri ile hakikulia. Kilisema, "Hodi."

Binti wa mgonjwa, fundi cherehani, alikuwa amebana pini midomoni, akishona pindo la gauni la mteja ndani ya chumba cha mama yake.

"Karibu," akajibu bila kuinua kichwa. Mazoea yana taabu.

Hakuna nesi aliyetokea. Kioo kilibaki cheusi. Ila kiti kilichokuwa kando ya kitanda kililia, kama kiliavyo mtu mnene anapokikalia, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Mama, unasikia harufu?"

Mama alikuwa amelala, bangili ya hospitali mkononi, nimonia ikimkwaruza kifua. Asubuhi alikuwa ametania kwamba hajawahi kuona wodi yenye kelele za cherehani. Sasa hakutania. Midomo yake ilikuwa ikigeuka rangi ya majivu.

Kengele ikalia. Fundi akasema karibu, na safari hii nesi akatokea, uso ameukaza.

"Dada, bangili inaniambia oksijeni ya mama inashuka. Nimeshatuma gari, lakini limekwama kwenye foleni. Muongeze mto. Na huyo mgeni wenu mwambie ampishe, asimwinamie hivyo."

"Mgeni gani?"

Nesi akausogeza uso kwenye kamera, sauti ikashuka. "Usigeuke. Umemkaribisha nani humo?"

"Nilisikia hodi. Nilidhani ni wewe."

"Mimi sipigi hodi, dada. Mimi napiga kengele."

Kiti kikalia tena.

"Bibi yangu alikuwa akitoa majini," nesi akanong'ona. "Alisema aliyekaribishwa hafukuzwi. Ukimfukuza anaondoka na mgonjwa. Anasindikizwa. Muage kwa heshima, utangulie, umfikishe njia panda, wala usitazame nyuma. Mama niachie mimi, sibanduki hapa."

"Nimwache peke yake?"

"Ukikaa, atazimaliza pumzi zake kabla gari halijafika."

Fundi akatema pini, akasimama. "Mgeni wetu," akasema, "umetutembelea, tumeshukuru. Twende nikusindikize."

Akatoka na kuuacha mlango wazi, akapita duka la vocha, akapita ukuta wa shule, na nyuma yake nyayo zikamfuata, nyayo nzito zisizo na viatu, zikikanyaga palepale alipokanyaga yeye, harufu ya nywele ikimpanda begani, pumzi ya moto ikimlamba shingo kila alipopunguza mwendo, naye akiongea kama mwenda wazimu, akimuuliza habari za safari, akimuomba radhi kwa kutompa hata maji, machozi yakimtiririka wala asithubutu kuyafuta, mpaka njia panda, ambapo nyayo zilikoma na hewa ikawa hewa tu.

"Nenda salama," akaiambia barabara tupu.

Alikuwa bado anahema pale simu ilipotetemeka mfukoni. Alikuwa nesi, na sauti yake ilikuwa imelegea, kama ya mtu aliyetua mzigo.

"Gari limeshaingia mtaani kwenu, dada. Aa, nakuona unaingia chumbani. Mwinue kidogo tu, usimbane kifua. Lakini una mbio wewe, mara hii umesharudi?"

"Kurudi wapi? Mimi bado nipo njia panda."

Ndani ya simu ya nesi, kupitia kishikwambi kilichokuwa chumbani, fundi akaisikia sauti ya mama, dhaifu, sauti ya kumdekea mtu wake:

"Mwanangu, mbona mikono yako ya moto hivi?"