Askari wa Njia Panda ya Sokoni

Kila asubuhi Yelmi na mama yake walitoka nyumbani pamoja, lakini hawakufika mbali pamoja. Wakikaribia njia panda ya sokoni, Yelmi aliinama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, akangoja hadi mama atangulie.

Mama yake, Sajini Desmiati, alikuwa askari wa usalama barabarani mjini Padang Panjang. Walikuwa wamehamia huko karibuni, wao na bibi. Katika shule ya zamani wenzake walimwita Mtoto wa Filimbi, na kila aliposogea walikatisha mazungumzo kana kwamba angekwenda kuwashtaki. Kwa hiyo hapa alisema mama yake anauza vitambaa. Hata mwalimu wa darasa lake, Mwalimu Wirda, aliamini hivyo.

Alasiri moja Hendrizal, kaka wa rafiki yake Resti, alikuja shuleni na pikipiki. Wakapanda mshikaki, watatu kwa pamoja, Resti katikati, Yelmi nyuma, wote bila helmeti, na barabara ilikuwa imelowa. Walipofika njia panda, filimbi ikalia.

Sajini aliwasogelea. Alipomwona binti yake, alisita kidogo, kisha akamwagiza Hendrizal azime pikipiki. Hendrizal akaanza kumbembeleza, afande tusamehe leo tu, nyumbani ni hapo mbele.

Resti akageuka nyuma. "Mbona huyu mama anakukazia macho? Unamjua?"

"Simjui," Yelmi alijibu.

Alisema kwa sauti, na mama yake alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Sajini alishusha macho, akajifanya anasoma namba ya pikipiki. Kisha akasema taratibu, "Wasichana, shukeni mwende kwa miguu. Huko nyumbani wanawangoja mfike wazima." 

Mvua ilinyesha jioni yote. Yelmi alikaa akingoja kugombezwa, lakini mama hakurudi. Bibi alisema kilima kimeporomoka kwenye barabara ya bondeni na askari wote wameitwa. Yelmi alishusha pumzi kwa kuwa hatalazimika kumtazama mama usoni. Papo hapo akajionea aibu kwa kufurahia jambo kama hilo.

Asubuhi, mama akiwa bado hajarudi, Resti alifika shuleni amechelewa, macho yamevimba. Mama yake, muuza mboga, alikuwa ndani ya basi dogo lililofunikwa na udongo. Askari mmoja mwanamke aliingia kupitia dirishani, akamvuta nje, akambeba mgongoni kwenye tope hadi juu barabarani. Aliporudi kwa abiria mwingine, jiwe likamvunja bega.

"Mama yangu hana hata jeraha," Resti aliliambia darasa. "Lakini yule askari amelazwa zahanati. Nimemwona asubuhi hii, ni yule yule aliyetushusha kwenye pikipiki."

 Yelmi alitaka kupaza sauti kwamba huyo ni mama yake, akimbilie zahanati.  Lakini angesemaje leo, wakati askari anasifiwa, kwamba ni wake, na jana alimkana mbele ya watu? Darasa zima lilipiga makofi. Yeye aliinamia dawati, machozi yakidondoka.

Baada ya masomo Mwalimu Wirda aliwapeleka wanafunzi kutoa shukrani, na kapu la machungwa. Yelmi alitembea wa mwisho. Sajini alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa kifuani, matope yangali kwenye nywele. Aliwashukuru mmoja mmoja. Zamu ya Yelmi ilipofika, akamwambia kama alivyowaambia wengine, "Asante kwa kuja, mwanangu."

Yelmi alielewa kwamba mama alikuwa bado anamfichia uongo wake. Hapo hakuweza tena kuvumilia.

"Huyu ni mama yangu," alisema, sauti ikimkatika. "Hauzi vitambaa. Niliwadanganya. Jana Resti aliponiuliza, nilisema simjui, na mama alikuwa anasikia. Mama, nisamehe."

 Resti alimtazama muda mrefu, na uso wake haukuwa wa kirafiki. "Mimi ningekuwa na mama kama huyu, ningemtangazia kila mtu," alisema.

 Mama alinyoosha mkono mzima akamvuta Yelmi karibu.

"Nimekusamehe, lakini sitakuambia haikuniuma," alisema. "Iliniuma kuliko hili bega. Jana tulikuwa askari wanawake wanne kule bondeni. Mwenzangu Yusra aliacha nyumbani mtoto anayenyonya. Mimi nilikuacha wewe bila kukuaga. Hakuna aliyependa kuondoka, ila watu walikuwa wanaita chini ya udongo."

Mwalimu Wirda aliweka kapu chini, akawageukia wanafunzi wote. "Akina mama hawa hukosa chakula cha jioni na watoto wao ili sisi tule na wa kwetu. Kuwaheshimu hakungoji mpaka wavunjike mifupa. Na kuona aibu si kosa, watoto wangu. Kosa ni kuionea aibu kazi ya halali, halafu tusiuonee aibu uongo."

Yelmi aliomba ruhusa ya kubaki. Wenzake walipotoka, alichota maji ya moto, akaanza kuosha matope kwenye nywele za mama yake.