Jina Nisilolisoma

Kila nikitoka shule humkuta mama kibandani kwake, langoni mwa chuo kikuu, akijalidi kazi za wanafunzi. Mama hajui kusoma, lakini jalada akilibandika yeye halibanduki. Malipo ya simu aliyakataa miaka na miaka. "Pesa nisiyoishika si pesa," alisema, na wateja wakamhama mmoja mmoja. Nilimsihi mwezi mzima mpaka akakubali, kwa sharti kwamba ujumbe nimsomee mimi.

Mteja wa kwanza wa simu alikuwa kaka mmoja mrefu, aliyekuja mbio. Kazi yake ilitakiwa ofisini kabla ya saa kumi. Akalipa, akanionyesha ujumbe kwenye simu yake. Nikatazama kiasi, basi.

"Mbona simu yangu kimya?" mama akauliza.

Nikaogopa. Akisita leo, kesho hataki tena! "Mtandao unasuasua tu, mama. Imeingia."

Kaka akachukua kazi yake, huyoo!

Nikabaki na simu ya mama mkononi. Robo saa, kimya. Nusu saa, kimya. Mama naye, masikini, alikuwa anacheka peke yake. "Kumbe rahisi hivi! Kesho gundi nanunua kwa simu." Jamani! Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, haijaingia. Nimekudanganya."

Akaweka brashi chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Saa kumi na nusu kaka akarudi, jasho linamtiririka. "Mama, nisamehe. Nimekosea tarakimu moja. Ujumbe una jina la mtu mwingine kabisa, nami sikulisoma!" Alikuwa amepiga simu kwa kampuni ya simu, wakamrudishia. Akatuma upya, polepole. Simu ya mama ikalia. Nikamsomea mama jina la kaka aliyetuma, kisha kiasi, neno kwa neno.

Kaka alipoondoka, mama akanivuta karibu.

"Nusura niseme simu ni mwizi," akasema. "Kumbe simu haikusema kitu, uliyesema ni wewe. Mwanangu, mimi sijui kusoma, na sioni haya kumwambia mtu sijui. Wewe unajua, ukaniambia kitu hujakiona. Pesa za simu nitaendelea kuzipokea. Lakini nikikuuliza, na wewe hujaona, niambie hujaona. Macho yangu ni wewe."