Mbolea Iliyovaa Koti

Baada ya kukamua ng'ombe, Jepleting alishuka kuangalia sukuma wiki yake. Mama mkwe wake, Chepkemboi, alikuwa amemkatia kipande cha shamba pale Subukia. "Kikikushinda," alimwambia, "tunarudisha nyasi ya ng'ombe."

Siku hiyo alikuta miche mingi imenyauka. Majani yalikuwa yameungua kingo, kana kwamba moto umeyalamba. Machozi yakamlengalenga. Alimwita jirani yao Wamaitha, Mama Kiarie, aliyesomea kilimo na kikundi cha akina mama.

Wamaitha alifukua kando ya mche.

"Jepleting, si ulipanda na mbolea ya punje? Mbona naona unga?"

"Mimi sijui unga, Mama Kiarie."

Chepkemboi alikohoa nyuma yao.

"Ni mimi," alisema. "Mvua ilinyesha, nikachungulia, punje bado nzima kama maharagwe! Nikasema, woi, mtoto wangu ameuziwa bandia. Ulipoenda sokoni nilisaga zile zilizobaki mfukoni kwa jiwe la kusagia wimbi, nikakutilia kila shimo. Nilitaka ufurahi."

Wamaitha alicheka kidogo. "Haki wewe, umeivua mbolea koti!"

Akaokota udongoni punje moja nzima, akaiweka kwenye kiganja cha Chepkemboi.

"Hili ganda limetengenezwa kwa wanga wa mahindi. Maji yanaingia pole pole, na chakula cha mmea kinatoka pole pole, msimu wote. Kazi ikiisha, vijidudu vya udongo vinalila ganda lenyewe, halibaki kama plastiki. Ukisaga, chakula chote kinatoka mara moja. Mizizi inaungua."

"Kumbe nimeua shamba la mtoto," Chepkemboi alinong'ona.

Jepleting alikuwa mwenye haya, lakini alimshika mkono. "Mama, hujaua. Tutengeneze pamoja."

Walikwangua ule unga wote. Walimwagilia maji mengi hadi udongo ukasafika, wakapanda miche mipya palipokuwa na pengo. Zile punje nzima za mwanzo waliziacha ardhini zifanye kazi yake. Chepkemboi alipita kila asubuhi, mikono ikiwa nyuma, asiguse kitu.

Sukuma ilishika, ikatoa majani mapana ya kijani kibichi. Jioni moja Chepkemboi alisimama kwenye ua na sufuria mkononi.

"Mwenye shamba," aliita, "unaniruhusu nichume ya ugali?"

Jepleting alifunika uso kwa leso, akacheka. "Ingia, Mama."