Kitufe cha Mia na Tano

Kibodi ilikuwa na vitufe mia na nne. Fundi alivihesabu kwa ncha ya bisibisi, kisha akavihesabu tena kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayetaka kumnasa mwongo. Mia na nne. Lakini gemu ya mkononi iliyolala mezani kwake, ikiwa imeunganishwa na kibodi hiyo kwa waya, ilisisitiza kwamba ni mia na tano, na ikauliza kwa adabu: Kitufe cha ziada kimepatikana. Kiruhusiwe?

Fundi alikuwa mtu wa ndiyo. Katika miaka kumi na minane ya kufufua redio, pasi na simu, hakuwahi kusoma masharti ya kitu chochote hadi mwisho. Akabonyeza Ndiyo.

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Dada yake mkubwa, mpiga chapa wa serikali kwa miaka thelathini, alikuwa ameondolewa uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Mikono nayo ilitetemeka tangu hapo. Kalamu ilimponyoka, na simu ya kupapasa ilimwandikia upuuzi. Ni juu ya vitufe vikubwa vya kibodi tu ambapo vidole vyake vilitulia, kana kwamba vimeingia kazini. Kompyuta haikuwepo. Ilikuwepo gemu hiyo, ambayo mteja mmoja aliileta dukani na hakurudi. Kiwanda kilikuwa kimeifunga isikubali kitu ila michezo, lakini dunia ina watu wenye muda, wanaokaa majumbani mwao wakitunga programu za kienyeji za kufungua makufuli ya namna hiyo, kisha kuzigawa bure. Fundi aliipata moja, akaipakia, akachomeka kibodi, akabonyeza kila kitufe mara moja ili gemu ikitambue.

Kibodi yenyewe ililetwa na shemeji yake, mume wa dada, mtunza stoo wa ofisi ya umma na mtu asiyeweza kusogeza kiti bila fomu. Ilitoka kwenye chumba kilichofungwa miaka kumi na moja. Fomu ya kuiondoa kwenye orodha ya mali ilikuwa na saini tano na mihuri mitatu, na penye Sababu ya Kuondolewa mtu alikuwa ameandika neno moja: Inaandika. Wakubwa wote watano walitia saini chini ya neno hilo, naye shemeji akaona kwamba kama wametia saini, basi limeeleweka.

Wiki ya kwanza nyumba ilimpata tena mtu wake. Dada aliketi sebuleni, gemu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, akirusha vijembe kwa kasi ya mvua. Alimwandikia mumewe kwamba shati lake linafanana na pazia la zahanati. Alimwandikia Fundi kwamba hata pasi alizotengeneza zimeshaolewa, yeye bado. Shemeji alicheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea.

Siku ya nane, mchana, maneno yalitangulia vidole.

Mikono ya dada ilikuwa bado magotini wakati kioo cha gemu kilipoandika: mlango. Pakanuka nywele zinazoungua. Dada alinyoosha mikono afute, na ilipogusa vitufe ikanaswa. Fundi aliona mishipa ikimtutumka hadi viwikoni akijaribu kuivuta, huku vidole vyake vikigonga kitu ambacho yeye hakukitaka: UMBANE. Mlango wa jikoni, ambao shemeji alikuwa ameushika kwenye fremu huku akitoka na birika, ukajifunga, ukafunguka, ukajifunga tena kwa kishindo kilichodondosha saa ukutani, na vidole viwili vya shemeji vikabaki jikoni naye akiwa amesimama sebuleni, akiutazama mkono wake kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Alirudi kutoka hospitalini na bandeji na malalamiko. Fomu yao, alisema, penye Chanzo cha Jeraha ilikuwa na Ajali, Ugomvi na Mnyama tu. Alikaa robo saa kabla ya kuchagua Mnyama.

Kibodi ikafungiwa kabatini. Lakini bila kibodi dada hakuwa na njia ya kusema kwamba si yeye, na macho ya mumewe yalikuwa yameanza kumtazama kwa pembeni. Alipiga meza kwa viganja, akalinyooshea kabati kidole, akalia bila sauti, na kilio kisicho na sauti hakivumiliki nyumbani. Siku ya tatu wakampa. Akaandika haraka: Mume wangu, usiniogope. Mimi si

Hapo ikamnasa. Ikaandika MENO, na taya za shemeji zikafungana zenyewe, zikabana, zikazidi kubana, mpaka wote watatu wakasikia mlio mdogo mkavu, kisha wa pili, kisha wa tatu, na damu ikamchuruzika kidevuni huku akizungusha macho akimtafuta mtu wa kumlalamikia, na Fundi akarukia waya akaung'oa, akaushika mkononi ukining'inia, na vitufe bado vikaendelea kushuka na kupanda, kwa safu, kwa utulivu, na kioo bado kikaandika.

Tabibu wa majini aliyeitwa alikuwa mama mfupi mwenye mkoba wa ngozi. Alitoa fomu. Shemeji, uso umevimba, alionekana kupata faraja kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

"Hata hawa wana taratibu," tabibu alisema. "Tena kuliko sisi. Hawaingii bila ruhusa."

Alisoma maswali moja moja, na kibodi ikajibu bila kuguswa. Jina: likaachwa tupu. Makazi ya sasa: mikono ya huyu mwanamke. Sababu ya kuingia: niliruhusiwa.

Tabibu akainua macho. Fundi alinong'ona kwamba gemu iliuliza kuhusu kitufe cha ziada, naye akabonyeza ndiyo.

"Ulisoma?"

"Mama, nani anasoma?"

Tabibu aliwaeleza kwa sauti ya chini. Jini huyo ataomba nyumba nyingine ya kukaa, mara saba. Wakikataa zote saba atatoka mikono mitupu. Wakikubali hata moja, kazi yake yeye tabibu imekwisha na hairudiwi. Kisha akaichukua mikono ya dada akaiweka juu ya vitufe, kwa sababu mwenye nyumba lazima awepo.

NIPENI NYUMBA. Hapana, wakasema. Kiti kikamtupa shemeji ukutani. NIPENI NYUMBA. Hapana. Kichwa cha tabibu kikavutwa kikapigwa kwenye ukingo wa meza, unyusi ukapasuka. Akajifuta damu kwa nakala ya pili ya fomu, akawaambia waendelee. Ombi la tatu, la nne, la tano, na kila hapana ilivunja kitu, dirisha, kisha ubavu wa shemeji, kisha mkono wa kushoto wa Fundi, ambao yeye mwenyewe aliuona ukipinda mahali pasipo kiungo. Na baada ya hapana ya sita mikono ya dada ikaacha vitufe, ikapanda taratibu hadi kooni mwake, ikalitafuta kovu la upasuaji kwa ncha za kucha, ikalifungua, ikaingia, na yeye alikuwa anamtazama mdogo wake, si mumewe, si tabibu, mdogo wake, kinywa kikiwa wazi bila sauti, huku damu ikimjaa kifuani na kioo kikiandika kwa mara ya saba ombi lilelile.

"Imebaki moja," tabibu alisema. "Moja tu, mwanangu."

"Toka mikononi mwake," Fundi alisema. "Nenda popote unapotaka. Mwache."

Mikono ikaanguka. Tabibu alimtazama Fundi kwa huruma iliyomtisha kuliko hasira, akaandika kwenye fomu neno popote, akaweka tarehe, akafunga mkoba.

Kibodi na gemu walivichoma nyuma ya duka. Vilinuka plastiki tu.

Wiki mbili baadaye, asubuhi yenye jua, kovu likiwa limeshonwa, dada aliketi mezani, mikono juu ya mbao tupu. Shemeji alimletea chai.

"Ahsante, mume wangu," dada akasema.

Ilikuwa sauti laini, ya msichana. Shemeji aliacha kikombe kianguke, akapiga magoti, akaficha uso mapajani mwa mkewe akilia kwa furaha. Sauti ilimbembeleza. Ilimwomba Fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aende zake dukani, awaachie nyumba, wana mengi ya kuzungumza.

Fundi alikuwa ameshageuka alipoona vidole. Havikutetemeka; vilikuwa vimeingia kazini tena. Viligonga mbao, kimoja kimoja, mahali ambapo vitufe vingekuwepo, na Fundi aliujua mpangilio huo kama ngazi za kwao. Akasoma. M. T. O. E. Kisha M. U. M.

Sauti ikakatika. Macho ya dada yakashuka polepole, yakaitazama mikono yake mwenyewe kama wanavyotazamwa watumishi wasiotii. Kichwa kikainama juu ya mikono hiyo, taratibu, kinywa kikafunguka, na shemeji, aliyedhani anabusiwa utosini, akafumba macho.

Meno yalipokishika kidole cha kwanza, vingine havikukimbia. Viliongeza kasi, maana sentensi ilikuwa haijaisha.