Pointi za Bibi Odessa

Saa mbili kasoro asubuhi, Keziah alikuwa amekwisha kula na kuvaa viatu, na mkoba wake wa shule umekaa mlangoni. Watoto wengine wa mtaa wetu hapa Macon, saa hiyo bado wanagombania soksi, au wanalia kwamba basi limewaacha. Keziah, binti wa miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi. Alikaa jikoni na simu ya bibi yake mkononi, akiikodolea macho. Saa mbili ikifika tu, kidole kinabonyeza.

"Imeingia?" Bibi Odessa aliuliza bila kugeuka. Alikuwa akipindua mayai kikaangoni.

"Imeingia, Bibi."

"Ahsante Bwana Yesu! Haya, kimbia, basi lisikuache."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bibi Odessa, aliyekuwa mpishi wa shule hapa mjini, na marehemu mumewe, Babu Roscoe, walikuwa wamejiunga na klabu ya mapumziko yenye malazi kando ya Ziwa Marlow, kule Florida. Kila mwaka klabu iliwapa wanachama pointi, na pointi hizo ndizo walizolipia malazi. Chumba cha kawaida hakikula pointi nyingi. Lakini zilikuwapo nyumba nne zilizojengwa juu ya nguzo, ndani ya ziwa lenyewe, na hizo zilikula pointi kama moto unavyokula nyasi kavu. Miaka yote Bibi alilala chumba cha kawaida. Jioni alitembea hadi ukingoni, akazitazama zile nyumba na taa zake zilivyocheza majini, kisha akarudi chumbani kwake, ambako ukifungua pazia unaona matairi ya magari.

Sasa Bibi alikuwa anakaribia kutimiza miaka themanini. Siku hiyo ingekuwa mwezi wa pili wa mwaka unaofuata, katikati ya likizo fupi ya shule. Alikuwa ameweka akiba pointi zake bila kuzigusa, na akatangaza mbele ya wote: "Safari hii nalala juu ya maji."

"Mama!" Renita, mama yake Keziah, alishika kichwa. "Pointi za miaka miwili kwa usiku tatu? Kwa pointi hizo tungelala chumba cha kawaida wiki mbili nzima! Usingizi ni usingizi tu, macho si unayafumba?"

"Wewe ulipoolewa ulivaa gauni la siku moja kwa bei ya friji. Mimi nilifungua mdomo?"

Renita akacheka. Lakini hakukubali, na kila alipopata nafasi alirudia hesabu zake.

Tatizo lilikuwa kwamba nyumba hizo ziligombewa vibaya sana. Klabu ilifungua tarehe miezi kumi na moja kabla, siku moja moja, saa mbili kamili asubuhi. Mjomba Dwight, kaka yake Renita, ndiye aliyewafundisha ujanja. Unaishika nyumba mapema, katika tarehe ambazo huzitaki. Kisha kila asubuhi unaisogeza mbele siku moja, mpaka ufike kwenye tarehe unazozitaka. Hapo wengine hawana pa kuingilia, kwa sababu wewe tayari umekaa ndani.

"Hiyo si kuruka foleni, Mjomba?" Keziah aliuliza.

"Haijakatazwa, we mtoto. Wote wanafanya."

Vidole vya Bibi vilikuwa vimevimba kwa ugonjwa wa viungo, haviwezi kukimbizana na simu, kwa hiyo kazi ikamwangukia Keziah. Nyumba ya Kwanza, ya Pili na ya Nne zilikuwa zimeshashikwa na wajanja wengine. Keziah akaishika Nyumba ya Tatu, na kila asubuhi akaisogeza. Alijivuna kwelikweli. Darasani alimwonyesha kila mtu picha za ile nyumba: ubaraza uliozungukwa na maji, kitanda kinachotazama ziwa, jiko jeupe kubwa kuliko sebule yao.

Jumapili moja, zikiwa zimebaki asubuhi chache tu, familia ilikaa mezani baada ya ibada. Palikuwa na kuku wa kukaanga, makaroni ya jibini na sukumawiki iliyopikwa mpaka ikalainika. Bibi alikuwa jikoni anatoa pai ya pichi kwenye oveni. Mjomba Dwight, simu mkono mmoja na paja la kuku mkono wa pili, alikuwa akisoma ukurasa ambao wanachama wa klabu huandikiana.

"Hebu msikilizeni huyu mama," alisema huku akicheka. "'Wewe unayeisogeza Nyumba ya Tatu kila asubuhi, nakuomba sana...' Ati anaomba! Nunua saa ya kukuamsha, dada!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Keziah naye alicheka, kisha akaweka uma chini. Nyumba ya Tatu ilikuwa yao.

Baada ya chakula aliichukua simu ya Bibi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, akasoma yale ambayo Mjomba hakuyamaliza. Aliyeandika alikuwa Yesenia Quintero, wa Savannah. Mwanawe Teo, wa miaka kumi na mmoja, alitumia kiti cha magurudumu. Kati ya nyumba zote nne, ya Tatu peke yake ndiyo yenye milango mipana na bafu lisilo na kizingiti. Kwa nini wasichague wiki nyingine? Mama huyo alilijibu swali hilo pia. Teo alikuwa amekosa masomo mengi kwa sababu ya hospitali, hawakuweza kumkosesha tena, na likizo ile ya mwezi wa pili ndiyo nafasi waliyokuwa nayo. "Kila asubuhi najaribu," aliandika, "na kila asubuhi umenitangulia."

Keziah aliusoma ujumbe mara ya pili. Angemwambia Bibi? Bibi ambaye alikuwa ameshanunua kofia ya kuvaa ubarazani? Jumatatu aliisogeza nyumba kama kawaida, lakini siku nzima shuleni hakusikia neno la mwalimu.

Jumanne ilikuwa asubuhi ya mwisho. Saa mbili ilipofika, Keziah hakuisogeza nyumba. Aliiachilia.

"Imeingia?"

"Bibi... simu imeganda. Watu wengine wameichukua."

Bibi alizima jiko. Alivuta kiti, akakaa polepole. "Basi haikuwa riziki," alisema, akajaribu kutabasamu. Keziah hakuweza kumtazama usoni. Alinyakua mkoba, akatoka mbio, akijiambia njia nzima kwamba amefanya vizuri: bila shaka Teo kapata nyumba, na yeye hakugombezwa na mtu.

Aliporudi alasiri, alimsikia Bibi tangu nje ya mlango. Alikuwa kwenye simu na karani wa klabu, na alikuwa amewaka.

"Mjukuu wangu kaamka kila siku ya Mungu! Halafu siku ya mwisho ndiyo mitambo yenu inaganda? Nani anaisimamia hiyo mitambo, jamani? Mnataka kuniua kabla sijafika themanini?"

Sauti ya karani, kijana tu, ilisikika kwenye spika ya simu. "Nisamehe sana, mama. Kama mitambo yetu ndiyo iliyokosea, nitamweleza msimamizi wangu kwamba kosa ni letu. Naona familia ya Quintero imeshaichukua asubuhi hii hii. Tutawaondoa, nyumba irudi kwako."

Keziah aliangusha mkoba. "Bibi, hapana! Mwambie asifanye hivyo! Simu haikuganda. Mimi ndiye niliyeiachilia."

Bibi aligeuka. Alimtazama mjukuu wake, kisha akasema kwenye simu, "Mwanangu, ningoje kidogo, usikate."

Keziah alieleza yote, maneno yakigongana na machozi. Akatafuta ule ujumbe, akamsomea Bibi mpaka mwisho.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

Bibi aliinua simu tena. "Mwanangu, upo? Nisamehe mimi. Nimekufokea bure. Mitambo yenu ni mizima, mkosaji yuko hapa kwangu. Huyo mama muacheni na nyumba yake, na msimamizi wako usimwambie lolote." Akakata simu, akaiweka mezani.

"Ulidhani ningemnyima yule mtoto?"

"Niliogopa, Bibi. Uliitaka sana."

"Niliitaka. Hata sasa naitaka, sikufichi, moyo unaniuma." Alijipigapiga kifuani. "Lakini pointi ni zangu, Kez. Kumpisha yule mtoto ilikuwa zawadi yangu mimi kuitoa. Ungeniambia, ningeitoa kwa mikono miwili, nikalala usingizi mtamu. Wewe umeitoa kwa kificho, na mimi nimeachwa namfokea kijana wa watu. Na huo uongo wako, ulisikia mwenyewe? Ulikuwa karibu kumtoa Teo ndani ya nyumba uliyompa."

Keziah alilia kwa kwikwi. Bibi alimwacha alie mpaka akaishiwa, kisha akamkatia kipande cha pai. Halafu akampigia simu mwanawe.

"Dwight, kuanzia leo familia hii inasimama foleni kama watu wengine."

"Lakini Mama, wote wanafanya..."

"Wote ndio akina nani? Mimi sikuwazaa wote. Nilikuzaa wewe."

Mjomba aliguna, akaaga. Lakini kesho yake alimpigia yule karani, akaomba radhi kwa niaba ya familia, akauliza kama kuna njia ya halali. Kijana akamfungua macho: wiki moja baada ya likizo, watu wakisharudi makwao, nyumba zile hushuka pointi. Kwa pointi zile zile wangepata usiku nne badala ya tatu. Siku ya kuzaliwa ingekuwa imepita, na Keziah angehitaji ruhusa ya siku mbili shuleni.

"Miaka themanini haikimbii," alisema Bibi. "Keki itasubiri."

Tarehe hizo zilipofunguliwa, Keziah alibonyeza saa mbili kamili kama mwanachama mwingine yeyote, roho juu, bila kujua kama atapata au atakosa. Nyumba iliyopatikana ilikuwa ile ile ya Tatu.

Mwaka uliofuata wakaenda, wote wanne: Bibi, Renita, Mjomba Dwight na Keziah. Kumbe picha zilikuwa zimesema nusu tu. Ukifungua mlango wa mbele, ziwa linakupokea kupitia kioo kikubwa cha upande wa pili. Unalala ukisikia maji yanagonga nguzo chini yako taratibu, unaamka ukungu umekaa juu ya ziwa na ndege mweupe mwenye miguu mirefu amesimama kwenye ukingo wa ubaraza wako, hana habari nawe. Jikoni kila kitu kilikuwapo, na Bibi alipika humo kwa raha, akipapasa meza ya mawe kila alipopita. Wote walikula meza moja badala ya kutawanyika vyumba vya ghorofa mbalimbali kama zamani.

Na Renita? Asubuhi ya pili walimkuta ubarazani, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, kahawa imepoa mkononi.

"Dada, ingia ndani, baridi," alisema Mjomba Dwight. "Si ulisema usingizi ni usingizi tu?"

"Niache, Dwight. Usiniharibie."

Wakati huo simu ya Bibi ililia. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Yesenia Quintero. Siku zile Bibi alikuwa amemjibu ule ujumbe wake, na tangu hapo walisalimiana mara kwa mara; sasa alituma habari za safari yao ya wiki iliyopita. Bibi akampa Keziah asome kwa sauti.

"'Jioni ya kwanza Teo aliingia bafuni, akafunga mlango, akaoga peke yake. Hajawahi tangu azaliwe, kwa sababu nyumbani kwetu kiti chake hakipiti. Nilibisha hodi mara tatu. Akanijibu: Mama, kwani wewe ukioga nakusumbua?'"

Walicheka wote. Renita alijifuta macho kwa ncha ya blanketi.

"Mama, nilihesabu vibaya," alisema. "Nilihesabu usiku tu."

"Hesabu zako zilikuwa sawa, mwanangu. Ni ghali, na hatutaweza kila mwaka. Lakini nyumba hii imestahili kila pointi, asikudanganye mtu. Sisi si watu wa kukitukana kizuri kwa sababu kinatushinda bei." Bibi akamvuta Keziah karibu, akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyovimba. "Ila kitu kizuri, Kez, tukipate kwa njia iliyonyooka, hata kama kitachelewa. Na wema nao usiufanye kwa kujificha, kama vile unaiba. Useme. Huenda waliomo ndani ya nyumba yako nao wanautaka, wanangoja tu mtu awaambie."

"Nimesikia, Bibi," Keziah alisema, na safari hii alimtazama usoni.