Massoudi na Ndege wa Kisiwa cha Mchanga

Kila Jumapili asubuhi, Massoudi wa mtaa wa Buyenzi hupangusa viti vya boti yake, huangalia mafuta ya moteri, kisha hugawa jaketi za kuelea. Hapo hana mchezo. Usipovaa hupandi, hata uwe shemeji yake.

Kazi yake ni kutembeza watu kwenye Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi maji hushuka, na karibu na mdomo wa mto Rusizi hutokea kisiwa kidogo cha mchanga. Ndege hukaa pale. Massoudi naye alikuwa na ufundi wake. Kila safari alisogeza boti mpaka ukingoni, akashika bidoni tupu, dumu la plastiki la mafuta, akaigonga kwa kasia: ko, ko, ko. Ndege wote wakaruka kwa pamoja, abiria wakapiga picha na makofi. Maharusi walimfuata kutoka mitaa yote, Kinindo mpaka Kamenge. Sifa ni tamu jamani, na Massoudi alizipenda mno.

Lakini mwaka huu ndege walikuwa wanapungua.

"Mama Ilias," alimwambia mkewe Mwanvua wakinywa chai, "ndege wanaenda. Wakiisha, nani atapanda boti yangu?"

"Labda wamechoka na kelele yako," Mwanvua akajibu. "Mi mwenyewe nimechoka."

Massoudi alicheka, lakini mkate aliuacha nusu.

Jumapili moja, kati ya abiria alikuwemo Huguette, mama mmoja wa mtaa wa Kanyosha ambaye kazi yake ni kuchunguza ndege. Massoudi alipoinua bidoni, yule mama alimzuia.

"Mzee Massoudi, apana kugonga. Tungoje kidogo."

"Gonga, muzee," akasema kijana mmoja, simu mkononi. "Ndiyo tulikuja kuona."

Massoudi akagonga. Ndege wakaruka, picha zikapigwa. Huguette hakugomba. Alimpa tu darubini yake.

"Sasa angalia mu muchanga," akasema.

Mwanzo Massoudi aliona mchanga mtupu. Kisha akaona vishimo vidogo, na ndani yake mayai yenye madoa, rangi moja na mchanga. Miaka tisa ya kazi hii hakuwahi kuyaona. Mara mwewe akashuka, akabeba yai moja, akaenda zake. Akarudi kuchukua la pili.

"Hawa ndege hawajengi mu muti," Huguette akaeleza. "Wanataga hapo chini. Jua ikikuwa kali, mama analoweka tumbo mu maji, anakuja kupooza mayai. Ukimurusha, jua inayapika, kitoto kinakufa mule ndani. Ukimurusha kila mara, anahama."

Massoudi akashusha darubini. Aliona haya, haya ya kweli.

"Basi ni mimi niliwafukuza."

"Ulikuwa haujue. Kosa si kosa, kurudia ndiyo kosa."

"Na nifanye nini, madamu? Watu wanataka kuona ndege."

"Wataona. Simama mbali, mita mia moja. Zima moteri. Mutu asishuke kisiwani mpaka watoto waruke. Ndege wakianza kulia na kuinuka, ujue umekaribia sana. Rudi nyuma."

Jumapili iliyofuata wakaja maharusi, Divin na Bella, pamoja na mpiga picha wao.

"Mzee, uturushie wale ndege," Divin akaomba.

Massoudi aligeuka nyuma. Boti za wenzake zilikuwa palepale ufukweni, na wenzake walikuwa wanasikia.

"Apana," akasema. "Ndege wako na mayai. Nitawaonyesha kitu kingine. Kama hamutaki, boti zingine ziko pale."

Wenzake wakacheka. Bella alimtazama, akamshika mumewe mkono.

"Twende tu," akasema.

Massoudi alizima moteri mbali na kisiwa. Wakangoja. Dakika kumi zikapita, mpiga picha akapiga miayo, na Massoudi akatokwa na jasho. Kisha wakaja ndege wawili, weusi mgongoni, mdomo mwekundu. Waendesha boti huwaita wakata-maji. Walipita chini kabisa kando ya boti, mdomo wa chini ukipasua maji kama mkasi wa fundi kwenye kitambaa. Mmoja akalowesha tumbo, akarudi kisiwani, akakaa juu ya mayai.

"Anayapooza," Massoudi akanong'ona, kana kwamba alizaliwa analijua.

Mpiga picha alipiga picha mpaka betri ikaisha. Baada ya hapo watu walikuja kuulizia boti ya Massoudi, na wale waliomcheka wakaja kuuliza mita mia moja ni wapi. Akawaonyesha.

Mwisho wa Agosti alimpeleka Mwanvua ziwani. Makinda yalikuwa yanakimbia ovyo juu ya mchanga. Moja likasimama ukingoni, likapiga mabawa, likaanguka. Likapiga tena, likainuka, likapita juu ya boti.

"Nani amemurusha?" Mwanvua akauliza polepole.

"Hakuna," Massoudi akasema. "Ameruka mwenyewe."