Salamu Isiyojibiwa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajafika, Nadhifu alifagia duka la mama yake. Lilikuwa duka la kuchapa barua, kutoa nakala na kutumia mtandao, lenye kompyuta nne kando ya ukuta. Jina hilo la Nadhifu alibandikwa na kaka yake kwa utani, maana msichana huyo hakuweza kupita mbele ya kitu kilichokaa upande bila kukinyoosha.

Siku hiyo alikuwa akipangusa kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Akaona waya mmoja, ncha moja imechomekwa kwenye kisanduku, ncha nyingine inaning'inia hadi sakafuni. Mama alikuwa amewakataza watoto kugusa nyaya. Lakini pale pale palikuwa na tundu tupu, na ncha ile ililingana nalo sawasawa. Akaichomeka. Sasa panapendeza, alijiambia, akaendelea na ufagio.

Asubuhi ile wateja walikuwa wa nakala tu. Alasiri aliingia binti wa mshonaji, jirani yao, amekumbatia bahasha ya vyeti.

"Mama, chuo cha uuguzi kinafunga maombi leo jua likizama," alisema. "Nimekawia kwa sababu cheti cha kuzaliwa nimekipata leo hii."

"Keti mwanangu, ni kazi ndogo," mama alimjibu. Akafungua kompyuta. Mtandao hakuna. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne. Zote vilevile. Hata simu, mle ndani, zilishika mtandao kwa kubahatisha.

Mama akamgeukia kaka. "Ni wewe na michezo yako! Jana ulikaa hapo mpaka kiti kikaota joto."

"Haki ya Mungu, mama, leo hata sijakikaribia!"

"Nyamaza! Nani amegusa mitambo hii leo?"

Nadhifu alisikia swali. Akainamia ufagio kana kwamba hakuulizwa yeye.

Mama alimpigia simu mdogo wake, fundi aliyewawekea mtandao ule. Mjomba alifika jasho likimtoka, akachomoa kifaa cha kuhifadhia programu kilichokuwa kimefungwa pamoja na funguo zake.

"Hii ndiyo hospitali yangu," alisema. "Programu za kupimia mtandao. Waliozitengeneza wamezitoa bure, na hazihitaji kusakinishwa. Unachomeka, unapima, unaondoka."

"Mjomba, hospitali gani ndogo kuliko kidole?" kaka akauliza.

"Hata sindano ni ndogo. Ngoja ikuchome."

Binti wa mshonaji alicheka kidogo, kisha akatazama tena jua mlangoni.

Mjomba aliwaonyesha kwenye kioo. "Tazameni. Kompyuta hii naiambia imsalimie mwenzake. Mzima hujibu. Mgonjwa hunyamaza." Kompyuta ilijisalimia yenyewe, ikajibu. Ikasalimia kompyuta ya pili: kimya. Ikasalimia mtambo unaoleta mtandao kutoka nje: kimya.

"Basi shida imo humu humu ndani," mjomba alisema. Alikitazama kisanduku. Nyaya zote zilikuwa zimechomekwa barabara, na taa zote zilimetameta kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu. "Nadhani hiki kimeungua. Nitatafuta kingine kesho."

"Kesho?" binti wa mshonaji akasema kwa sauti ndogo. Akaanza kurudisha vyeti kwenye bahasha, kimoja kimoja.

Nadhifu aliitazama mikono ile. Salamu imefika, akawaza, na mimi ndiye ninayenyamaza.

"Mjomba, ni mimi!" Machozi yalimtangulia. "Asubuhi niliukuta waya unaning'inia. Nikauchomeka hapa."

Mjomba alifuata kidole chake. Waya ulikuwa umetoka kwenye kisanduku na kurudi kwenye kisanduku kilekile. "Lo! Kumbe ujumbe unazunguka humu ndani tu, unajaa, hakuna anayepata nafasi ya kujibu. Huu ni waya wa wageni wenye kompyuta zao. Nami nilikosea kuuacha bila alama."

Akauchomoa. Taa zikatulia. Akasalimia tena, na majibu yakaja moja baada ya jingine.

Jua lilikuwa limegusa mapaa ya nyumba za ng'ambo kompyuta ilipoandika kwamba fomu imepokelewa. Binti wa mshonaji alimkumbatia mama, akamkumbatia Nadhifu, akatoka mbio kumwambia mama yake.

"Mungu ashukuriwe," mama alisema, akaketi kwa mara ya kwanza tangu alasiri. Akamvuta kaka. "Nisamehe mwanangu. Nilikuhukumu kabla ya kupima." Kisha akamtazama Nadhifu. "Kugusa ulichokatazwa ni kosa. Lakini kunyamaza ulipoulizwa kungemkosesha mtu chuo, na kaka yako angebeba mzigo usio wake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, tupate kutibu."

"Nimesikia, mama."

Jioni, wakifunga duka, mama aliita kutoka nje: "Nani ameacha ndoo mlangoni?"

"Mimi, mama!" Nadhifu alijibu, hata kabla swali halijamalizika.